Mnyanya Unapotoa Maua: Somo la Kilimo

Shabaha: Mwanafunzi aeleze kwa nini mnyanya wenye majani tele huweza kukosa matunda.

Vifaa: Madebe manne yaliyotobolewa chini, mchanga uliooshwa, miche, maji ya samadi, majivu.

Hatua: Mchanga uliooshwa haulishi mmea, mmea hula kile tu tunachoutilia. Miche yote ipewe maji ya samadi. Ichanuapo, madebe mawili yaendelee hivyo. Mawili yapunguziwe samadi, yatiwe majivu kidogo. Naitrojeni ya samadi hukuza majani. Potasi ya majivu husaidia matunda.

Tahadhari: Katika ukavu wa Mvumi, kiu pekee huangusha maua, kwa hiyo madebe yote yapimiwe maji sawasawa. Mwalimu asitangulize jibu: wanafunzi wahesabu maua na matunda, kisha waamue wenyewe.