Kwa Nini Maswali ya Baadhi ya Mitihani ya Kujiunga na Vyuo Hayatolewi Hadharani

Mzazi anayemlipia mwanawe ada ya SAT au GRE, mitihani inayotumiwa na vyuo vikuu vingi vya Marekani kuchagua wanafunzi, huletewa alama tu. Maswali yenyewe hayaoni. Wapo wanaoona kuwa huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lalamiko hilo lina uzito, lakini yafaa sababu ya usiri ieleweke kwanza.

Mitihani hii hufanywa mara nyingi kwa mwaka, na aliyeketi Machi hushindania nafasi na aliyeketi Oktoba. Ili alama zao zilinganishwe kwa haki, baadhi ya maswali hutumiwa tena, yawe kipimo cha kuonyesha mtihani upi ulikuwa mgumu zaidi. Swali lililokwisha kuenea mitaani halipimi tena uwezo, hupima kumbukumbu. Isitoshe, maswali mapya hujaribiwa kwanza kwa watahiniwa bila kuhesabiwa katika alama, kazi yenye gharama kubwa. Mwaka 1994 kampuni ya Kaplan iliwatuma wafanyakazi wake kufanya GRE ya kompyuta, nao wakatoka wamekariri maswali mengi, kwa kuwa yalikuwa yakijirudia mno.

Hata hivyo, usiri si amri isiyohojiwa. Mwaka 1979 Jimbo la New York lilitunga sheria ya kuwataka waandaaji wawape watahiniwa maswali na majibu sahihi. Wenye MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, walikwenda mahakamani kutetea hakimiliki yao. SAT, kwa upande wake, iliuza nakala za maswali ya tarehe kadhaa kwa miaka mingi. Ilipohamia kwenye kompyuta, huduma hiyo ikakoma. Kwa maoni yetu, hapo mtumiaji amepungukiwa, maana hawezi kujihakikishia usahihishaji wa kazi aliyoilipia.

Pengo hilo ndilo linalowanufaisha wauzaji wa “maswali halisi”. Muuzaji wa namna hiyo ama anadanganya, ama anauza mali ya wizi. Mnunuzi hupoteza fedha zake, na ikigundulika, alama za mtahiniwa zaweza kufutwa. Waandaaji wenyewe hutoa mitihani ya mazoezi bila malipo: ya SAT hupatikana katika programu ya Bluebook, na ya GRE katika POWERPREP. Kituo cha masomo ya ziada kikidai kina zaidi ya hayo, kiulizwe kimeyapata wapi kabla hakijalipwa, na risiti idaiwe.