Wakati wa Nafasi wa Vijana Wetu



Somo letu la leo lahusu vijana wa mitaa ya wanyonge hapa Mombasa: Majengo, Kisauni, Likoni na mfano wake. Wamalizapo kazi au masomo, waende wapi? Na ni juu ya nani kuwapatia pa kwenda? Kila Ijumaa twasikia makatazo: muguka usitafunwe, kamari isichezwe, mabarazani pasikaliwe ovyo. Makatazo hayo ni ya haki. Lakini mwenye kukataza asipoonyesha na njia, kazi yake ameifanya nusu.

1. ASILI YA STAREHE YA HALALI

Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Madina. Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) kwa nguo yake naye akitazama, na hakumwondoa mpaka alipotosheka mwenyewe.

Katika habari hii tuzingatie mambo matatu. Kwanza, mchezo ulikuwa mahali pa watu wote, karibu na nyumba zao. Pili, maskini na tajiri waliutazama pasina malipo. Tatu, mmoja wa waliotazama alikuwa ni msichana. Bibi Aisha mwenyewe, alipoisimulia habari hii, aliwaasa watu waikadirie haja ya msichana mdogo ya kutazama mchezo. Basi karibu, bila malipo, na wasichana wasisahauliwe: kwa mizani hiyo tuipime hali yetu.

2. GHARAMA SI KIINGILIO PEKE YAKE

Tutwae mfano wa Ngome, yaani Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hata 1958. Mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika urithi wa dunia. Ni historia yetu iliyoandikwa kwa mawe. Lakini mlangoni pana kiingilio, na mzazi mwenye watoto watano hukizidisha mara tano.

Hata pasipo kiingilio pana gharama nyengine. Maktaba ya umma iko Mtaa wa Msanifu Kombo, kisiwani. Kijana wa Likoni apandaye feri kwa miguu halipi kitu, lakini safari humlia wakati. Wa Mishomoroni yampasa alipe nauli ya matatu kwenda na kurudi. Msichana huongezewa sharti la tatu: apate wa kufuatana naye, na arudi kabla ya giza. Kwa hivyo yule asemaye, "Maktaba ipo, hawataki kusoma," hajahesabu hesabu yote.

3. MADUKA YALIYO WAZI

Sasa tutazame upande wa pili. Muguka huuzwa hatua chache kutoka mlangoni, kwa bei ambayo kibarua aiweza. Kamari imo ndani ya simu. Haina nauli, haifungi usiku, na haimwulizi mtu amevaa nini. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na muda si muda mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Jambo hilo latufunza ya kwamba amri pekee si ngome ya kutegemea. Na hata lau ingalisimama, lile swali la kwanza lingalibaki: kijana huyo, jioni hiyo, angalikwenda wapi?

Wenye biashara hizo wamefahamu jambo tulilolighafilika. Wamekifuata kijana alipo, kwa bei aliyo nayo, katika saa aliyo na nafasi. Sisi twamngoja aje kwetu.

4. JUKUMU NI LA NANI?

Sehemu moja ni ya serikali. Katiba ya 2010, katika orodha ya kazi za kaunti, imetaja maktaba, makumbusho, michezo, bustani na fuo za bahari. Ajabu ni kuwa kamari nayo imetajwa papo hapo, chini ya mlango ule ule. Basi ni haki ya raia kuiuliza kaunti yake: katika hayo mawili, ni lipi lililofika mtaani kwetu kwanza? Tuulize vikao vya bajeti viitwapo, tena kwa maandishi. Na tuulize pia habari ya njia za kushukia pwani na viwanja vya watoto. Kwani kiwanja kikishajengwa nyumba hakirudi.

Sehemu ya pili ni yetu. Wazee wetu hawakungoja. Mwaka 1903 ilifunguliwa hapa Mombasa maktaba yenye chumba cha kusomea bure, kwa jina la Seif bin Salim. Leo tuna vyuo ambavyo vyumba vyake hufungwa baada ya Isha, na majumba ya wakfu yenye nafasi. Chumba kimoja kikifunguliwa jioni mbili kwa juma, pakawa na taa, rafu ya vitabu, mbao za bao, na mwalimu wa kuwasomea vijana tungo za washairi wetu kama Muyaka bin Haji, gharama yake ni ndogo. Jioni moja na iwe ya wasichana, chini ya usimamizi wa wanawake. Wavuvi wetu nao waweza kuwafunza watoto kuogelea. Kwani ni aibu kuzaliwa kisiwani na kuiogopa bahari.

Wako wasemao kuwa vijana wataviharibu vyumba. Huenda kiti kikavunjika. Kiti hutengenezwa kwa siku moja. Ama kijana aliyezama katika unga, wazazi wake huhangaika naye miaka, na pengine asirudi.

MASWALI YA DARASA

1. Katika mtaa wenu, ni mahali gani kijana aweza kukaa jioni bila ya kulipa?
2. Msichana wa miaka kumi na minne ana mahali pangapi kama hapo?
3. Ni chumba kipi chenye ufunguo mikononi mwetu, na ni nani atakayekifungua juma lijalo?

Swali la tatu lijibiwe kwa jina la mtu na siku.

Wabillahi tawfiq.