Mtoto Akishikwa na Degedege

Mtoto ameshinda na homa, analialia begani. Mara anakakamaa, macho yanageuka juu, meno yanaumana, mikono na miguu inarushwarushwa, povu linamtoka. Nyumba nyingi za Nyalenda na Obunga, mitaa ya Kisumu, zinaijua hali hii. Majirani huja mbio, huyu na kijiko, yule na kitunguu, mwingine na ndoo ya maji. Wote wanamtakia heri, lakini kijiko, kitunguu na ndoo viwekwe kando.

Jambo la kwanza ni kutazama saa ya simu na kuikumbuka dakika degedege lilipoanza. Mwenye hofu huona dakika 2 ni nusu saa, na hospitalini hilo ndilo swali utakaloulizwa mapema. Mlaze mtoto chini kwenye mkeka au leso, mbali na jiko na miguu ya kitanda. Mgeuze alale ubavu, kidevu kikiinuliwa kidogo na mdomo ukielekea chini, povu na matapishi yatoke nje badala ya kurudi kooni. Mvue sweta na kofia, mlegeze nguo shingoni, waombe watu wasogee apate hewa. Kisha kaa naye, umtazame anavyopumua. Kwa dakika hizo hiyo ndiyo kazi yote, na najua ni ngumu kuliko kukimbia.

Usimbane ili atulie. Usitie chochote mdomoni. Hakuna mtoto anayeumeza ulimi wake, ila kijiko kinaweza kumvunja meno, na dawa anayonyweshwa asiye na fahamu huweza kuingia mapafuni. Maji baridi hayakomeshi degedege. Moshi na mafuta ya taa humnyima hewa wakati anapoihitaji zaidi.

Mara nyingi degedege hukoma lenyewe kabla ya dakika 5. Likipita hapo, au likikoma kisha likarudi kabla hajazinduka, au midomo ikiwa ya samawati, ondokeni papo hapo. Hospitalini kuna diazepamu, inayotiwa kwenye mshipa au njia ya haja kubwa, na hakuna kitu cha nyumbani kinachofanya kazi yake.

Likikoma upesi je? Hapa ndipo nawaomba wazazi wa kando ya Ziwa Victoria wanisikilize. Ni kweli kwamba degedege la homa huwapata watoto wengi wa kati ya miezi 6 na miaka 5, yapata 2 hadi 5 katika kila 100, na kwamba kwa kawaida halidhuru ubongo wala si kifafa. Lakini kwetu malaria ipo mwaka mzima. Degedege fupi laweza kuwa mwanzo wa malaria kali, au wa homa ya uti wa mgongo, na kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa hiyo hata akizinduka na kutaka kunyonya, mpeleke akapimwe saa hiyo, hata kama ni usiku. Usipitie dukani kununua vidonge kwanza, wala usimpe vilivyobaki vya kakake.

Mjini Kisumu wengi huwaza moja kwa moja Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Kama u karibu nayo, vema. Kama u Seme au Nyakach, anzia kituo kilicho karibu kinachofungua usiku, maana hapo anaweza kupimwa malaria kwa tone la damu ya kidole na kuanzishiwa matibabu kabla ya kupelekwa mbele. Ulizia leo ni kituo kipi hicho. Hifadhi nambari ya mwenye boda anayeitikia usiku, na kama unaishi kisiwani, Mfangano au Takawiri, ya mwenye mashua.

Kwenye boda usimfunge mgongoni, kwa sababu hutauona uso wake. Mpakate mbele, uso ukielekea pembeni, na usiendeshe mwenyewe. Beba kijitabu chake cha kliniki na chupa ya kila dawa aliyomeza. Mwambie daktari lilianza saa ngapi, lilichukua muda gani, na kama lilitikisa mwili mzima au upande mmoja tu. Akiwa bado hazinduki vizuri, amekataa kunyonya, shingo imekaza, utosi umevimba, anahema kwa shida, au hajafikisha miezi 6, lisemeni hilo mlangoni msisubiri foleni. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya atesuneti, na sukari ya damu hupimwa, kwani hushuka sana.

Mkirudi nyumbani, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake itampunguzia maumivu, ila haizuii degedege, basi usijilaumu likirudi. Takriban mtoto mmoja katika 3 hupata jingine.

Neti mnayo, laleni ndani yake kila usiku. Chanjo ya malaria nayo ilizinduliwa hapa Kenya huko Ndhiwa, Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019. Ni dozi 4, ya kwanza akiwa na miezi 6. Ya mwisho huja akiwa ameshaanza kutembea, wakati mama wengi wameacha kwenda kliniki. Fungua kijitabu uone kama nafasi yake ina tarehe. Ikiwa iko wazi na umri umefika, mpeleke wiki hii.