Kompyuta ikisahau tarehe

Kompyuta ya duka la uchapishaji huko Bwera, wilaya ya Kasese, Uganda, ikiwaka na tarehe ya miaka ya nyuma, usikimbilie kuweka Windows upya. Mara nyingi kilichokufa ni betri ya CR2032 kwenye ubao mama: volti 3, upana milimita 20. Tarehe ikipotoka, tovuti nyingi hugoma kufunguka. Kompyuta inayokatiwa umeme kabisa kila jioni, kama wafanyavyo wenye sola kule Bwesumbu, huimaliza betri hii mapema.

Piga picha mipangilio ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) kwa simu. Zima, chomoa waya, fungua kasha, gusa chuma chake kutoa umeme tuli. Sukuma kibano kinachoshika betri, nayo itaruka. Mpya iingie alama ya + ikitazama juu. Weka tarehe.

Mwenye mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya zamani asiige hatua hizi! Mashine nyingi za zamani zenye mfumo wa Fanuc hubadilishiwa betri mashine ikiwa imewashwa, la sivyo vigezo hufutika. Soma kitabu chake, nakili vigezo, na kwa umeme wa Kasese unaokatika bila hodi, hamia kwenye jenereta kwanza.

Betri kuukuu iwe mbali na watoto: ikimezwa, yaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa 2.