Kuishi Uvira Baada ya Kansa

Siku daktari anaposema matibabu yamekwisha, mgonjwa anarudi Uvira na vidonge kwenye mfuko, karatasi mkononi na tarehe ya kurudi kupimwa. Nyumbani wanachinja kuku, kanisani au msikitini wanamshukuru Mungu, na baada ya muda kila mtu amerudia shughuli zake. Hapo ndipo kazi yake mwenyewe inapoanza. Mashine za mionzi zilizo karibu ziko nchi jirani, daktari wa kansa yuko mbali, na mpaka wa Kavimvira, wa kuingia Burundi, unaweza kufungwa wakati wowote. Makala hii ni yake, na ya mume, dada au binti anayeishi naye.

Karatasi kwanza

Ninaanza na karatasi kwa sababu bila hizo daktari yeyote mpya atalazimika kubahatisha. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa maelfu ya nyumba mjini, na kilichokuwa kabatini kilikwenda ziwani. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda likaingia kwenye nyumba za ufukweni. Vita navyo vimewafanya watu wahame na nguo walizovaa tu.

Karatasi za kutunza si nyingi. Ya kwanza ni majibu ya kipimo cha kinyama, yanayotaja aina ya kansa, na kwa kansa ya titi yanaeleza pia kama inalishwa na homoni. Ya pili ni ripoti ya upasuaji. Ya tatu inaorodhesha dawa za dripu ulizopewa, mara ngapi na kwa kiasi gani. Kama ulichomwa mionzi, omba ripoti ya sehemu iliyochomwa na kipimo chake, maana mwili una kiwango ambacho hauwezi kuvuka na daktari wa kesho lazima ajue kilichokwisha kutumika. Uliza pia maabara kinyama chako kimehifadhiwa wapi. Kwa kawaida hugandishwa ndani ya kipande kidogo cha nta, na kinaweza kupimwa upya hata baada ya miaka.

Ziweke zote kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, zipige picha kwa simu, halafu umtumie ndugu aliye mji mwingine. Ripoti ya Kifaransa inasomeka Bujumbura na Bukavu. Ukielekea Kampala au Dar es Salaam, omba mapema ufupisho wa Kiingereza.

Na safari yenyewe? Bukavu kuna Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999 na inayojulikana kwa magonjwa ya wanawake, na kuna hospitali kuu ya mkoa. Nchini Rwanda, kituo cha kansa cha Butaro kilifunguliwa mwaka 2012, na tiba ya mionzi ilianza kutolewa kwenye hospitali ya jeshi mjini Kigali mwaka 2019. Kampala kuna taasisi ya kansa ya Mulago, iliyoanza mwaka 1967, na Dar es Salaam kuna ile ya Ocean Road. Piga simu kabla ya kupanda gari, upate jina la daktari na tarehe, kisha uulize hali ya mpaka na ya barabara ya Kamanyola. Usisubiri vidonge vibaki vitatu ndipo uanze kutafuta nauli. Kuwa na akiba ya mwezi mzima, kwa sababu hapa kwetu njia hufungwa.

Homa si malaria tu

Katika bonde la Ruzizi na ufukweni mwa Tanganyika, mtu akipata homa anasema malaria, anatuma mtoto duka la dawa, anameza na kulala. Kwa mtu ambaye bado anapokea dripu za kansa, au aliyezimaliza juzi tu, desturi hiyo inaweza kuua. Dawa za dripu hushusha askari weupe wa damu, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kila dripu, na katika siku hizo mdudu mdogo tu anaweza kuingia kwenye damu na kumwangusha mtu kwa saa chache. Nunua kipimajoto. Kikifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na neno la kwanza kumwambia muuguzi liwe: niko kwenye dawa za kansa, dripu ya mwisho ilikuwa siku fulani. Kipimo cha malaria kifanywe, na hata kikionyesha malaria usikubali uchunguzi uishie hapo.

Maji nayo yanahitaji uangalifu huo huo. Kipindupindu kimekaa Uvira miaka mingi, na kila maji ya bomba ya Regideso yanapokatika watu hurudi kuchota ziwani na mtoni. Mgonjwa anywe maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na ayapigie mswaki hayo hayo. Chakula cha kwetu kinamfaa: ndagala, maharagi, sombe, lengalenga, parachichi, wali wa Luvungi. Mdomo ukiwa na vidonda, pondaponda na upunguze pilipili. Anayekukataza samaki au nyama eti vinalisha kansa anakunyima nguvu ambazo mwili unazihitaji kujijenga.

Walio na kansa ya titi inayolishwa na homoni hupewa vidonge vya tamoksifeni, kimoja kila siku kwa miaka 5, na wengine hadi 10. Miaka hiyo ni mirefu, na wengi huacha katikati kwa sababu wanajiona wazima. Faida ya dawa hii ni kuzuia kansa isirudi, ndiyo maana huisikii. Inaweza kukuletea joto la ghafla usoni na jasho la usiku. Hayo yanavumilika. Lakini mama aliyekwisha kukoma hedhi akiona damu tena, hata tone, aende akapimwe. Usishike mimba ukiwa unaimeza, na kwenye kituo cha uzazi wa mpango mwambie mkunga kwamba ulikuwa na kansa ya titi, kwa sababu sindano na vijiti vya homoni havikufai. Kondomu na kitanzi cha shaba havina homoni. Hifadhi dawa penye baridi na giza, mbali na mabati na jiko.

Mkono wa upande uliopasuliwa

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu wanawake wengi wa Uvira wanaishi kwa nguvu ya mikono: anayeuza samaki Kalundu, anayelima mpunga Kiliba, anayebeba karai la mkaa. Daktari anapotoa titi mara nyingi hutoa pia tezi za kwapani, na tezi hizo ndizo zilizokuwa zikiondoa maji mkononi. Zikiondolewa, au zikichomwa na mionzi, maji yanaweza kujikusanya na mkono ukavimba, mwezi ujao au baada ya miaka kumi. Dalili za mwanzo ni ndogo: bangili inabana, mkono wa blauzi unakaza, mkono unakuwa mzito jioni. Ukiziona mapema, uvimbe unadhibitika kwa bendeji maalumu, kwa kusugua ngozi polepole kuelekea begani na kwa mazoezi. Ukiachwa miezi, ngozi inakuwa ngumu na hairudi ilivyokuwa.

Jeraha dogo ndilo mlango wa wadudu. Mwiba wa samaki, cheche ya mkaa, kiwembe cha kunyolea kwapa, kukata kucha hadi kwenye nyama: vyote vinaweza kuufanya mkono uwe mwekundu, wa moto na wenye maumivu, pamoja na homa. Hiyo ni ya hospitali siku ile ile, inahitaji antibiotiki. Kwa hiyo vaa glavu za mpira unapoparua samaki, shika kisu cha kupasulia na mkono mwingine ukiweza, paka mafuta ngozi isipasuke, na ukichomwa osha kwa sabuni mara moja. Sindano na kipimo cha presha viende mkono mwingine pale inapowezekana.

Zamani wanawake waliambiwa wasibebe kitu kamwe. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuinua uzito kwa kupandisha kidogo kidogo, chini ya uangalizi, hakukuzidisha uvimbe. Basi usirukie karai zima siku ya kwanza. Anza na kilo moja, ongeza wiki baada ya wiki, na mkono ukianza kuwa mzito rudi nyuma hatua moja.

Zoezi la bega, kidonda kikishapona na daktari akiruhusu, ni hili. Simama ukitazama ukuta, weka vidole juu yake usawa wa kiuno, kisha vipandishe kama buibui hadi usikie kuvutika, kabla ya kufika kwenye maumivu. Hesabu hadi tano, shuka. Weka alama ya chaki ulipofika. Kesho jaribu kuipita kidogo. Asiyefanya hivi katika miezi ya kwanza anaweza kushindwa kuanika nguo au kusuka nywele za mtoto.

Mambo ambayo watu huona haya kuuliza

Mwanamke aliyetibiwa kansa ya mlango wa kizazi kwa mionzi anaweza kukauka na kubana ukeni, na tendo la ndoa likawa adhabu. Hii si laana, wala si ishara kwamba kansa imerudi. Kuna mafuta ya kulainisha na vifaa vya kupanua polepole, na mume anahitaji kuelezwa na muuguzi, wote wawili wakiwa wamekaa pamoja. Kansa haiambukizi kwa kulala kitanda kimoja wala kula sahani moja. Damu inayotoka tena, mkojo au choo kinachovuja bila kujizuia, hivyo viseme mapema. Panzi wana uzoefu wa miaka mingi wa kurekebisha fistula, yaani tundu linaloleta uvujaji huo.

Kwa kansa ya titi, ratiba ya kawaida ni kuonekana na daktari kila miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya kwanza, kisha kila miezi 6 hadi 12 hadi mwaka wa 5, halafu mara moja kwa mwaka. Usingoje ratiba ukiona kinundu kwenye kovu, kikohozi kisichoisha, au maumivu ya mgongo yanayozidi usiku ukiwa umelala. Mgongo unaouma kwa sababu ya mzigo hutulia ukipumzika. Miguu ikilegea pamoja na maumivu hayo, ni dharura ya siku hiyo.

Ukiamua kusema

Katika Kivu mtu akikonda watu hunong'ona kwamba amepewa sumu ya karuho, na familia huanza kutafuta mchawi huku uvimbe ukikua. Hakuna bango linaloshinda sauti ya mama anayejulikana mtaani akisema: mimi nilikuwa na kinundu, hakikuuma, nilikwenda, nilitibiwa, niko hapa. Gertrude Nakigudde alifanya hivyo Uganda pamoja na wenzake wa UWOCASO, shirika la wanawake waliopitia kansa. Philippa Kibugu-Decuir, aliyepona kansa ya titi, aliipeleka kazi hiyo Rwanda.

Hulazimiki kusema. Ukiamua, eleza uliyoyaona mwilini mwako tu. Usitaje dawa ya kumeza, usiahidi kwamba kila mtu atapona, na usiruhusu picha yako isambazwe bila idhini yako. Nenda na muuguzi au mhamasishaji wa afya wa kartie, maswali ya kitaalamu yawe yake. Na kabla ya kuwaita wanawake wakapimwe, uliza kituo wanapima siku gani na kama vifaa vipo. Mama aliyetembea kutoka Kavimvira akakuta mlango umefungwa harudi tena.

Kipimo cha mlango wa kizazi ni chepesi kueleza. Muuguzi anapaka siki ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja, anaangalia kwa taa. Sehemu iliyoanza kubadilika inageuka nyeupe, na mara nyingi inachomwa siku hiyo hiyo kabla haijawa kansa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wanawake wa miaka 30 hadi 49 wapimwe, na wanaoishi na VVU waanze miaka 25. Baada ya hedhi kukoma siki haionyeshi vizuri, na kipimo cha virusi vya HPV kinafaa zaidi. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 ndio wanaolengwa na chanjo ya virusi hivyo. Uliza kituoni kama imefika.

Waambie pia wazazi kuhusu taya la mtoto. Daktari Denis Burkitt, akiwa Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya unaowapata watoto wa maeneo ya joto yenye malaria nyingi, kama yetu. Unakua kwa siku, na mara nyingi hudhaniwa ni jino. Dripu zikianza mapema, watoto wengi hupona.

Kuhusu fedha, zungumza na likelemba au kikundi chako cha akiba kabla hujaumwa tena. Vikundi vingi vina mfuko wa misaada wa msiba na uzazi. Ombeni safari ya hospitali iandikwe ndani ya sheria za mfuko huo, kwa kiasi kinachojulikana, ili mwanachama asianze kuombaomba siku ya kuondoka.

Mwisho, kaa na binti zako na dada zako. Kama kansa ya titi ilikupata kabla ya miaka 50, au imewapata wawili wa ukoo mmoja, wao wanapaswa kumwambia daktari hilo wakiwa bado wazima, waoneshwe jinsi ya kuyajua matiti yao, na wakubaliane nani atamsindikiza nani.