Kufundisha Vipimo kwa Kazi ya Mikono: Mfano wa Kiko cha Gunzi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha vipimo katika shule ya msingi hukutana na somo linaloonekana jepesi. Kitabu kinamwambia kwamba inchi 1 ni sawa na milimita 25.4. Huandika kanuni hiyo ubaoni, watoto huzidisha au hugawanya, jibu hupatikana, naye huweka alama ya vema. Lakini mtoto huyo huyo akipewa kipande cha mti na kuambiwa akitoboe tundu la kiasi kile alichokokotoa, husimama asijue la kufanya. Jibu lake lina desimali tatu, na rula yake haina hata moja.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba kubadili vizio ni nusu tu ya somo la vipimo. Nusu ya pili ni kujua jibu likadiriwe upande upi, juu au chini. Upande huo huamuliwa na kazi inayofanywa, wala hauamuliwi na kanuni ya kukadiria peke yake. Mfano tuliouchagua ni wa kazi ndogo ya mikono ifanywayo mbali na kwetu, lakini malighafi yake imejaa katika kila shamba la mahindi.

1. Mifumo miwili katika mtaa mmoja

Mtoto wa Tanzania huishi baina ya mifumo miwili ya vipimo. Shuleni hufundishwa mita, lita na kilo. Akienda kwa seremala husikia mbao za "mbili kwa nne" na misumari ya inchi nne. Fundi bomba humtuma alete bomba la nusu inchi. Babu yake huenda bado akapima kamba kwa shibiri na dhiraa. Mwalimu akifundisha kana kwamba mfumo mmoja ndio ulio hai, atakuwa amemfungia mtoto mlango wa karakana.

Hasara ya kuchanganya vizio si ndogo. Mwezi Julai 1983 ndege ya abiria nchini Kanada iliishiwa mafuta ikiwa angani, kwa sababu mafuta yalihesabiwa kwa ratili mahali palipohitajika kilo. Ratili 1 ni takriban kilo 0.45, hivyo ndege iliondoka na mafuta yasiyofikia nusu ya yaliyotakiwa. Marubani waliituliza salama mahali paitwapo Gimli, lakini funzo lilibaki: namba bila kizio chake ni hatari.

Yafaa pia wanafunzi waelewe kwamba mifumo hii miwili haina uadui. Marekani, nchi ambayo hadi leo hutumia inchi katika shughuli nyingi, ilikuwa miongoni mwa mataifa 17 yaliyotia sahihi Mkataba wa Mita mwaka 1875. Tangu 1959 inchi yenyewe imefafanuliwa kwa makubaliano ya mataifa kuwa milimita 25.4 kamili. Kwa hiyo kila tukipima kwa inchi, mita imo ndani yake.

2. Kiko cha gunzi

Katika mji wa Washington, jimbo la Missouri nchini Marekani, hutengenezwa viko vya kuvutia tumbaku kutokana na magunzi ya mahindi. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1869 na Henry Tibbe, mkereza mbao aliyehamia huko kutoka Uholanzi. Mwaka 1878 alipata hataza ya njia yake ya kupaka gunzi jasi ili kuziba vishimo vya nje na kulainisha uso. Magunzi hukaushwa kwa muda mrefu kabla ya kukerezwa. Gunzi lenyewe huwa bakuli la kiko, kipande cha mti huwa shingo, na mdomo huchomekwa mwishoni mwa shingo hiyo.

Kwa kuwa kiko cha namna hii ni cha bei ndogo na gunzi ni laini, wenye viko hupenda kukirekebisha: hupanua tundu la shingo au hubadili mdomo. Hapo ndipo mifumo miwili hukutana. Vichujio vya karatasi vya viko hivi hutajwa kwa milimita 6, na vile vinavyopendwa Ujerumani hutajwa kwa milimita 9. Lakini ncha za keekee ziuzwazo katika maduka ya Marekani huhesabiwa kwa sehemu za inchi.

Tuchukue mfano. Mtu ana mdomo mpya ambao ulimi wake, yaani sehemu inayoingia katika shingo, una kipenyo cha milimita 9. Katika sanduku lake ncha zilizo karibu na kipimo hicho ni mbili:

Inchi 11/32: 11 ÷ 32 × 25.4 = milimita 8.73
Inchi 23/64: 23 ÷ 64 × 25.4 = milimita 9.13

Ya kwanza imepungua kwa milimita 0.27, na ya pili imezidi kwa milimita 0.13. Kwa kanuni ya kukadiria tunayoifundisha darasani, jibu ni 23/64, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na 9. Hata hivyo fundi mwenye busara huchukua 11/32. Tundu lililo dogo hupanuliwa kwa msasa kidogo kidogo mpaka ulimi ukae na kushika. Tundu lililozidi halirudi nyuma, na mdomo utacheza daima.

Hili ndilo jambo ambalo tungependa mwanachuo alishike. Aliyejibu 23/64 hakukosea hesabu. Alichokosa ni kujiuliza: nikikosea, ni kosa gani ninaloweza kulirekebisha?

3. Somo darasani

Kiko chenyewe hakiingii darasani. Tumbaku huleta saratani na maradhi ya moyo na mapafu, na mwalimu akiulizwa habari za kiko aseme hivyo bila kuficha. Tunachochukua ni gunzi na wazo la kuchomeka kitu katika tundu. Badala ya kiko, watoto watatengeneza kishikio cha penseli iliyokwisha, ili kipande ambacho vidole haviwezi tena kukishika kiandike tena. Vipande hivyo havikosekani katika darasa lolote.

Darasa: la Tano. Muda: vipindi viwili.

Shabaha: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kubadili sehemu za inchi kuwa milimita, na aweze kueleza kwa nini amekadiria jibu juu au chini.

Vifaa: gunzi moja kavu na kipande cha penseli ya mviringo kwa kila mtoto, rula yenye inchi na sentimita, kisu kidogo cha mwalimu, misumari mirefu, msasa.

Hatua ya kwanza: kupima. Kipenyo cha penseli moja ni kidogo mno kwa rula. Waambie watoto wapange penseli 10 za unene mmoja, ubavu kwa ubavu, wapime upana wote, kisha wagawe kwa 10. Tuseme wamepata milimita 72. Penseli moja basi ni milimita 7.2.

Hatua ya pili: kubadili. Rula nyingi hugawa inchi katika sehemu 16. Sehemu moja ni 25.4 ÷ 16, yaani takriban milimita 1.59. Watoto wakokotoe sehemu 4 na sehemu 5. Watapata milimita 6.35 na milimita 7.94.

Hatua ya tatu: kuamua. Uliza: tundu liwe la sehemu 4 au 5? Wengi watasema 5, kwa kuwa tofauti yake na 7.2 ni milimita 0.74, na tofauti ya sehemu 4 ni milimita 0.85. Usiwasahihishe haraka. Toboa gunzi moja kwa sehemu 5 mbele ya darasa, ingiza penseli, kisha inamisha. Penseli itaanguka. Waache watoto wenyewe waeleze sababu.

Hatua ya nne: kutenda. Mwalimu akate magunzi. Kila mtoto atie alama mbili zilizoachana sehemu 4 za inchi kwenye uso uliokatwa, achimbe kiini laini kwa msumari bila kuvuka alama, kisha apanue kwa msasa uliokunjwa huku akijaribu penseli mara kwa mara. Gunzi lilazwe juu ya dawati. Mtoto asilishike kiganjani anapochimba, maana msumari ukipenya utamjeruhi.

Hatua ya tano: urefu. Kishikio kinatakiwa kiwe na inchi 3, yaani milimita 76.2. Gunzi likatwe kwenye milimita 76 au 77? Namba iliyo karibu ni 76, lakini hapa fundi hukata 77, kwa sababu gunzi refu hupunguzwa na gunzi fupi halirefushwi. Watoto wataona kwamba safari hii tumekadiria juu, ilhali katika tundu tulikadiria chini, na sababu ni moja.

Muhtasari wa ubaoni uwe mfupi: Tundu, anza na dogo. Urefu, anza na mrefu.

4. Mambo ya kuangalia

Kwanza, usikubali jibu lisilo na kizio, hata kama namba ni sahihi. Pili, usiwalazimishe watoto kubeba desimali tatu pale ambapo mkono na rula haviwezi kuzifuata. Desimali mbili zinatosha kwa hesabu, na jicho litamaliza kazi. Tatu, usiifanye hatua hii kuwa kanuni mpya ya kukariri. Kanuni ya kukadiria ya kitabuni inabaki kuwa sahihi kwa hesabu za kitabuni, na mtihani utaidai. Mtoto afahamu kwamba kwenye kazi kuna swali la ziada, na alijibu kwa kutazama kitu kilichomo mkononi mwake.

Nne, usipime somo kwa uzuri wa vishikio. Mtoto ambaye tundu lake limezidi, lakini akaeleza vizuri kwa nini limezidi na angefanya nini, amejifunza zaidi kuliko aliyebahatisha.

5. Mazoezi kwa mwanachuo

(a) Badili inchi 15/64 na inchi 1/4 kuwa milimita. Kipi kati ya hivyo utakianza kwa ulimi wa milimita 6 unaotakiwa kushika? Toa sababu.

(b) Mzazi anataka pazia la dirisha lenye urefu wa inchi 50. Duka linapima kwa sentimita kamili. Anunue sentimita ngapi? Eleza kwa nini.

(c) Nenda kwa seremala, fundi bomba na mshonaji walio jirani na chuo. Andika vipimo vitano ambavyo kila mmoja huvitaja, pamoja na vizio vyake. Muulize kila mmoja ni kosa lipi anaweza kulirekebisha na lipi hawezi.

(d) Andaa somo la kipindi kimoja kutokana na majibu ya swali (c), ukitumia kifaa kinachopatikana bure katika mazingira ya shule.