Kulinganisha Rangi ya Kiwandani na Kupaka Upya Bampa la Gari

Katika vijiji vyetu gari ni chombo cha kazi kabla ya kuwa pambo. Huko Buganguzi, kata iliyomo katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, gari lenye kubeba abiria, ndizi au magunia ya kahawa hupita katika barabara za udongo, na sehemu ambayo huumia mapema ni bampa. Kokoto hulipiga, matope hulifunika, na kona nyembamba hulikwaruza. Mwenye gari hununua rangi, akalipuliza nyumbani, kisha akaona kwamba bampa halifanani na bodi. Lawama humwangukia muuza duka au fundi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo mara nyingi hutokana na kanuni za fizikia na kemia ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzielewa na hata kuzijaribu. Tena yanaeleza jambo lililo zito kuliko urembo wa gari, yaani usalama wa mapafu ya yule anayepuliza rangi.

Rangi ni nini?

Rangi tuionayo hutokana na mambo matatu yanayokutana: mwanga unaokiangaza kitu, uso wa kitu unaourudisha mwanga huo, na jicho linaloupokea. Isaac Newton, katika kitabu chake Opticks kilichotoka mwaka 1704, alieleza jinsi mche wa kioo unavyoutawanya mwanga mweupe kuwa rangi mbalimbali. Leo tunajua kwamba mwanga uonekanao una urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Chembe za rangi hufyonza sehemu ya mwanga huo na kurudisha sehemu nyingine.

Retina ya jicho ina aina tatu za seli za koni, na ubongo huitambua rangi kwa kulinganisha ishara za aina hizo tatu. Kwa kuwa vipokezi ni vitatu tu, michanganyiko miwili ya chembe zisizo sawa inaweza kuleta ishara zile zile chini ya mwanga mmoja, kisha ikatofautiana chini ya mwanga mwingine. Hali hii huitwa metamerizimu. Ndiyo sababu bampa huweza kufanana na boneti ndani ya gereji yenye taa, likaonekana geni mara tu gari linapotolewa juani.

Namba ya rangi na mipaka yake

Kila gari la kiwandani lina namba ya rangi. Katika magari mengi ya Toyota, namba hiyo imeandikwa katika kibati kilichopo kwenye nguzo ya mlango au katika chumba cha injini, baada ya herufi C/TR. Namba ni bora kuliko jina. Mtu akisema "nyeupe" hajasema lolote la kutosha: rangi ya Toyota yenye namba 040 ni nyeupe ya kawaida, lakini ile yenye namba 070 ni nyeupe ya lulu, ambayo hung'aa kwa sababu ya chembe ndogo za madini zilizomo katika tabaka lake la kati. Aliyenunua moja kwa ajili ya nyingine amepoteza fedha yake.

Hata hivyo, namba inaeleza rangi iliyokusudiwa siku gari lilipotengenezwa. Haielezi rangi iliyopo leo. Kuna sababu tatu za kutofautiana.

Kwanza, jua. Mionzi ya urujuanimno huvunja vifungo vya polima inayozishika chembe za rangi, na baadhi ya chembe, hasa nyekundu, hupauka. Kagera ipo karibu sana na ikweta, na mionzi hiyo huwa mikali. Gari lililotumika miaka mingi Japani na kisha hapa nchini halina tena rangi ya kibati.

Pili, kiwanda chenyewe. Bodi ya chuma huokwa katika joto la nyuzi 140 hivi za sentigredi ili rangi ikauke. Bampa la plastiki halistahimili joto hilo bila kupinda, kwa hiyo mara nyingi hupakwa peke yake, kwa rangi iliyotengenezwa kukauka katika joto dogo zaidi. Basi msomaji asishangae kuona tofauti ndogo hata katika gari jipya. Watengenezaji wa rangi wanalijua jambo hili, na kwa namba moja huwa na michanganyiko kadhaa iliyokaribiana.

Tatu, mkono wa mpulizaji. Rangi ya fedha na nyingine zenye mng'ao wa chuma zina vipande vyembamba vya alumini. Zikipulizwa kwa wingi na kubaki majimaji, vipande huzama na rangi huonekana ya giza zaidi. Zikipulizwa kikavu, kwa mbali, vipande hubaki karibu na uso na rangi huonekana nyeupe zaidi. Kopo ni lile lile, rangi ni mbili.

Mahali pa kulinganishia

Mwaka 1824 mwanakemia Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, mjini Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikuwa nyeusi ya kutosha. Alipochunguza aligundua kwamba dawa ya rangi haikuwa na kasoro: nyuzi hizo zilionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizokuwa kando yake. Mwaka 1839 alitoa kitabu kuhusu kanuni hiyo ya rangi mbili zilizokaribiana kubadilishana sura machoni petu.

Kanuni hiyo inatuhusu. Nyumba nyingi za Kagera zimezungukwa na kibanja cha migomba, na mwanga unaopenya katika majani ya migomba huwa wa kijani, kwa kuwa jani hufyonza sehemu kubwa ya nyekundu na buluu. Anayelinganisha rangi chini ya migomba analinganisha kwa mwanga uliochujwa. Vivyo hivyo, vumbi jekundu likibaki kwenye boneti, jicho litaiona rangi mpya kuwa ya kijani au ya buluu kuliko ilivyo. Wekundu wa udongo huo hutokana na oksidi ya chuma, ambayo viwanda huitumia pia kama chembe ya rangi katika praima nyingi. Kwa hiyo oshwa kwanza, tena kwa sabuni, sehemu ya bodi iliyo jirani na bampa. Kisha lipelekwe gari uwanjani, mbali na majani na kuta zenye rangi kali, na ulinganishe mchana, kivulini palipo wazi na pia juani.

Usilinganishe rangi ya majimaji ndani ya kopo. Puliza kwanza kwenye kadi tatu: moja kikavu, moja kwa kiasi, moja kwa wingi. Zikikauka, zipulizie klia ile ile utakayotumia, kwa maana klia hubadili kina cha rangi. Andika nyuma ya kila kadi umbali na idadi ya mikono iliyopitishwa. Kadi itakayofanana na madigadi ndiyo itakayokuongoza.

Kwa nini rangi hubanduka katika plastiki?

Tazama upande wa ndani wa bampa. Mara nyingi utaona alama PP, yaani polipropilini, pengine pamoja na herufi EPDM, ambazo ni za aina ya mpira. Tone la maji likidondoshwa juu ya polipropilini hujikunja kama ushanga, kwa sababu plastiki hiyo haivutani vyema na maji. Rangi nayo haitandi wala kushika vizuri juu yake. Ndiyo maana, palipo na plastiki tupu, hupulizwa kwanza praima maalumu ya plastiki, kwa tabaka jembamba sana, kabla ya praima ya kawaida.

Hewa yenye unyevu

Bukoba hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi yetu, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Thina inapogeuka mvuke huchukua joto kutoka katika uso uliopakwa, na uso hupoa. Ukipoa kupita kiwango ambacho umande huanza kutunga, maji huganda juu ya rangi na kuifanya iwe na ukungu mweupe. Kanuni ya kazi ni kwamba uso uwe na joto linalozidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau. Tuchukue mfano: hewa yenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 85 hutunga umande katika nyuzi 19.4 hivi, tofauti ni 2.6 tu, basi subiri. Hewa yenye nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 60 hutunga umande katika nyuzi 17.6 hivi, hapo kazi inaweza kuendelea.

Hatua za kazi

1. Osha bampa, likaushe, kisha ondoa grisi kwa kiyeyushi kinachofaa. Fanya hivyo kabla ya kupiga msasa, la sivyo msasa utaisukuma grisi ndani ya mikwaruzo.
2. Piga msasa wa maji namba 400 mahali palipoumia, na namba 800 kwenye rangi nzima inayozunguka.
3. Funika madigadi, taa na matairi kwa karatasi na tepu.
4. Puliza praima ya plastiki palipo wazi, kisha praima ya kawaida. Ikikauka, ilainishe kwa msasa namba 600.
5. Tikisa kopo dakika mbili au zaidi. Puliza rangi kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 25, kwa tabaka nyepesi tatu, ukingoja kila moja ififie.
6. Usiishie kwenye mstari mmoja. Ipunguze rangi polepole kuelekea nje, kwa sababu jicho hutambua mpaka mkali upesi kuliko mabadiliko ya taratibu.
7. Malizia kwa klia, ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo.

Hatari kwa mapafu

Klia na rangi nyingi za gereji huchanganywa na hadina yenye isosayaneti. Kemikali hii huufanya ugumu wa rangi uwe wa kudumu, lakini ikivutwa huweza kusababisha pumu. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuathirika anaweza kubanwa na pumzi baadaye kwa kiasi kidogo sana, na hali hiyo inaweza kumfuata maisha yake yote. Pua si mlinzi, kwa kuwa kiasi chenye madhara huenda kisitoe harufu yoyote. Kitambaa kilichofungwa usoni au barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Kazi hiyo huhitaji kifaa kinachomletea mpulizaji hewa safi kwa bomba. Kwa hiyo nyumbani tumia rangi na klia za kopo moja zisizo na hadina, ingawa hazidumu sawasawa na zile nyingine.

Hata rangi hizo zipulizwe nje, mbali na watoto na mafiga, kwa sababu gesi na viyeyushi vyake huwaka moto. Na mpulizaji avae barakoa yenye vichujio vya mkaa vya kuzuia mvuke. Msasa upigwe kwa maji ili vumbi lisipae, maana rangi za zamani za njano na nyekundu huweza kuwa na risasi. Thina chafu isimwagwe kibanjani wala mtoni. Iwekwe katika debe lenye kifuniko, uchafu utuame, kisha ile safi ya juu itumike tena kuoshea vyombo.

Jaribio na maswali

Mwalimu achukue kipande cha ndoo chenye alama PP na kipande cha kioo kilichooshwa vizuri. Wanafunzi wadondoshe tone moja la maji juu ya kila kimoja, wachore umbo la kila tone na kueleza tofauti.

1. Kwa nini rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa na kutofautiana juani?
2. Taja sababu tatu zinazofanya namba ya kibati isitoshe kuleta rangi inayofanana na bodi.
3. Hewa ina nyuzi 24 na umande hutunga katika nyuzi 22. Je, inafaa kupuliza rangi? Eleza.
4. Fundi anasema kwamba hasikii harufu, kwa hiyo hana haja ya kujikinga na hadina. Mjibu kwa hoja za kisayansi.